Barua ya FEMA ikisema hapana, usiitupe

Kila ikifika Juni mosi, msimu wa vimbunga unapofunguliwa hapa Texas, simu yangu inaanza kuingia meseji za aina moja, dada ikipiga tena tunaanzia wapi, dada ile namba ya FEMA unayo, dada kuna jamaa anasema nikimpa dola mia ananijazia fomu ni kweli? FEMA ni shirika la serikali ya Marekani la kusaidia watu kwenye maafa. Wananiuliza mimi kwa sababu sisi tulipitia kimbunga Harvey mwaka 2017 tukiwa tunakaa nyumba ya chini kabisa huku kusini magharibi mwa Houston, halafu kimbunga Beryl cha 2024 kikatukuta hapa hapa, na katikati hapo nimejaza fomu za majirani wengi, hasa Wakongo waliotokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, watu ambao Kiswahili wanacho tele ila Kiingereza cha maofisini bado kinawapiga chenga. Nimechoka kurekodi voisi ndefu. Naandika hapa, atakayeuliza nitamtumia linki.

Mtu asome yote kama ana muda, kama hana basi ashike hili tu: baada ya kimbunga msaada unamfuata mwenye karatasi. Aliyepoteza kila kitu bila karatasi anaweza kukosa, na aliyelowa kidogo mwenye karatasi zake zote akapata. Inaudhi, najua. Na karatasi inayowaponza watu kuliko zote ni ile barua inayosema haujakubaliwa, watu wanaisoma mstari wa kwanza, wanaikunja, wanasema Mungu hakupanga, kumbe ukurasa wa pili imeandikwa kinachotakiwa ni kopi ya kitambulisho.

Tuanze na Harvey yenyewe kidogo kwa wale waliokuja juzi. Kilipiga nchi kavu usiku wa tarehe 25 Agosti 2017 kule karibu na Rockport, kikiwa daraja la 4, upepo ukaumiza sana watu wa pwani kule, ila sisi wa Houston hatukuumizwa na upepo, tuliumizwa na mvua, maana kimbunga kilifika kikakwama, hakiendi mbele hakirudi nyuma, kinamwaga tu siku baada ya siku. Sehemu ya mvua nyingi kuliko zote, mji wa Nederland wa hapa hapa Texas, walipima zaidi ya milimita 1,500, na mtu wa Dar anaweza kujua maana ya hiyo namba, ni mvua ya zaidi ya mwaka mzima imeshuka ndani ya siku chache. Mto wa Brays Bayou ukafurika, mabwawa ya Addicks na Barker ikabidi wayafungulie maji, na pale George R. Brown, ule ukumbi wa mikutano katikati ya mji, wakalala watu kama elfu kumi. Maji kwetu yalifika usawa wa magoti, makochi, magodoro, viatu, vyeti, unga, kila kitu kikanuka. Nyumbani wakaona kwenye TV, shangazi yangu wa Tanga akapiga simu, poleni jamani, tumeona, poleni sana, Mungu ni mwema mko hai, halafu haohao kabla ya kukata simu, mwanangu lakini ile ada ya Septemba si utaituma? Nilicheka mpaka nikalia.

Haya, hatua ya kwanza. Kabla ya kutoa kitu chochote nje, piga picha. Kila chumba, kila ukuta, mstari wa maji ulipofika, friji kwa nje na kwa ndani, namba ya nyumba mlangoni ionekane. Halafu kama una bima piga simu kwa bima kwanza, maana FEMA hailipi kitu ambacho bima imelipa, watakuomba barua ya bima kuonyesha walilipa nini na walikataa nini. Wapangaji wengi mnajua mna bima kwa sababu ofisi ya apatimenti iliwalazimisha kukata, lakini hiyo bima ya kawaida ya mpangaji mara nyingi mafuriko haimo. Bima ya mafuriko ni kitu cha peke yake, ipo ya serikali inaitwa NFIP, mpangaji anaweza kukatia vitu vyake mpaka dola 100,000, ila kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ukikimbilia kuikata wakati kimbunga kiko Karibiani umeshachelewa. Hata hivyo barua ya bima kusema "hatulipi mafuriko" usiione mbaya. Hiyo ni karatasi, FEMA wanaitaka.

Kisha unajiandikisha FEMA. Onlaini kwenye disasterassistance.gov, au kwenye ap yao, au simu 1-800-621-3362, na kwenye simu unabonyeza 3 unaomba mkalimani, unasema "Swahili", unasubiri. Kusubiri ni kusubiri kweli, weka spika, pika ugali wako. Mkalimani ni bure. Kujiandikisha ni bure. Inspekta akija ni bure. Nasema hivi kwa sababu kila kimbunga wanaibuka madalali wa fomu, tena wengine ni watu wetu tunaosali nao, anachukua dola mia kwa mama aliyepoteza godoro, anamjazia fomu vibaya, anaandika imeili yake yeye na namba yake yeye ya simu, kwa hiyo barua zote zinaenda kwake na yule mama hajui chochote. Mimi hawa siwaelewi. Inspekta wa kweli anakuja na kitambulisho chenye picha, namba yako ya maombi anayo tayari hahitaji kukuuliza, na yeye hatoi uamuzi, anaandika tu alichokiona. Anayeomba namba ya benki mlangoni, funga mlango.

Nani anaruhusiwa? Hapa ndipo uoga ulipo. Hela za FEMA zinatolewa kwa raia, kwa mwenye grini kadi, kwa mkimbizi, kwa aliyekubaliwa asailamu (hifadhi), na wengine wachache. Ambaye kesi yake ya asailamu bado haijaamuliwa, hapo peke yake bado hajafika, lakini kama ndani ya nyumba kuna mtoto mwenye namba ya Social Security aliyezaliwa hapa, mzazi anaweza kuomba kwa jina la mtoto na karatasi za mzazi haziulizwi. Shelta, chakula, maji, msaada wa Red Cross, hivyo havina habari ya karatasi zako za uhamiaji. Na wale wanaoogopa kwamba ukichukua hela ya maafa utanyimwa grini kadi baadaye kwa kuonekana mzigo wa serikali, hapana, msaada wa maafa hauhesabiwi huko. Pia haukatwi kodi, na haupunguzi fudi stempu, ule msaada wa chakula wa serikali. Huo mwisho ulinisumbua sana kuwaaminisha watu, kuna mzee mmoja alikataa kata kata kuomba kwa sababu alisikia kanisani kwamba watamkata stempu.

Enzi za Harvey waliokubaliwa haraka walipata kwanza dola 500 za dharura, Red Cross nao wakatoa dola 400 kwa kaya, tovuti yao ikazidiwa na watu. Beryl ilipokuja utaratibu ulikuwa umebadilika, Machi 2024 FEMA walirekebisha mambo mengi, ile ya dharura ikawa dola 750, na kuna hela nyingine ya kukusaidia pa kulala siku za kwanza hata kwa ndugu. Kiwango cha juu kabisa wakati wa Harvey kilikuwa dola 33,300, lakini msiwe mnapigia hesabu hiyo, hiyo ni ya mwenye nyumba iliyobomoka, mpangaji wa apatimenti anaongelea kodi ya miezi miwili na vitu vya ndani basi.

Sasa barua.

Jirani yangu mmoja, mama kutoka upande wa Fizi kule Kongo, alipata barua yake akaja nayo mlangoni imekunjwa mara nne. "Dada, banasema hapana." Nikaifungua nikasoma mpaka mwisho. Walikuwa wanasema hawakuweza kuhakikisha yeye ni nani. Kwa nini? Kadi yake ya Social Security ina majina mawili, karatasi yake ya I-94, ile ya kuingilia nchini, ina matatu, mkataba wa nyumba mwandishi wa ofisi aligeuza la mwisho likawa la kwanza, na tarehe ya kuzaliwa kama mnavyojua wenzetu wa kambini huandikiwa tu Januari mosi, yeye na mume wake na kaka yake wote Januari mosi. Kompyuta ikaona hawa ni watu tofauti au ni utapeli. Na wasiwasi wao sio bure, baada ya Harvey kulikuwa na matapeli waliojiandikisha kwa namba za watu wengine, kuna watu wanaenda kuomba wanaambiwa wewe umeshaomba. Basi tulichofanya ni kukusanya kopi ya kadi, kopi ya I-94, mkataba, bili ya umeme ya mwezi wa Agosti, na barua fupi ya kueleza kwamba majina haya yote ni mtu mmoja, kila ukurasa tukaandika juu namba ya maombi na namba ya maafa, tukatuma. Wakakubali.

Hiyo ndiyo rufaa yenyewe, sio mahakama, hakuna jaji. Unazo siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, angalia tarehe ya barua sio siku uliyoipokea. Sababu nyingine ninazoziona kila wakati ni hizi hapa nazitaja harakaharaka: bima haijaeleweka, watume barua ya bima. Hawakukukuta nyumbani au inspekta alipiga simu namba imezimwa, waite upya. Hawana uhakika kwamba ulikuwa unaishi pale, wape mkataba au bili au barua ya shule ya mtoto yenye anwani. Na ile inayotuua sisi hasa, familia mbili kwenye apatimenti moja. Sisi tunakaa hivyo, ndugu kaja, binamu kaja, chumba kimoja wao chumba kimoja sisi, kodi tunagawana. FEMA wanahesabu kaya moja ombi moja, wa kwanza kuomba anapata wa pili anaandikiwa hapana. Kama kweli mnajitegemea, kila mtu na chakula chake na hela yake, waandikie mueleze hivyo na muweke ushahidi, hata risiti za kutumiana kodi kwa Zelle zinasaidia. Kama ni kaya moja ni kaya moja, usidanganye, kudanganya FEMA ni kosa la jinai na hela wataidai.

Wakati wa Harvey kulikuwa na mtego mwingine wa mikopo ya SBA, lile shirika la serikali la biashara ndogo ambalo hukopesha na waliopata maafa, watu walikuwa wanaambiwa wajaze fomu ya mkopo wakawa wanaitupa, mimi sitaki deni, wakati ukiijaza na ukanyimwa mkopo ndipo FEMA walikuwa wanarudisha jina lako kwa ajili ya fanicha na gari. Tangu Machi 2024 hiyo foleni wameiondoa, sio lazima upite SBA kwanza. Nataja tu kwa sababu bado kuna watu wanapeana ushauri wa 2017.

Nyumba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanaonewa.

Maji yameingia, ukuta wa jipsamu umelowa, ukungu mweusi unapanda, na tarehe mosi ofisi inataka kodi yake. Kwetu Septemba 2017 walibandika karatasi kila mlango kwamba kodi ni kama kawaida na atakayechelewa faini. Watu wakagawanyika makundi mawili, wengine wakalipa wakaendelea kulala kwenye ukungu na watoto wenye pumu, wengine wakakasirika wakasema hatulipi, na Texas ukisema silipi tu hivihivi unaweza kupewa notisi ya siku tatu uhame na kesi ikaingia kwenye rekodi yako, halafu kila apatimenti utakayoomba baadaye wanaiona. Kuna njia ya tatu. Sheria ya nyumba ya Texas, kifungu cha 92.054, inasema kama nyumba haikaliki kabisa kwa sababu ya maafa ambayo hukuyasababisha wewe, mpangaji au mwenye nyumba yeyote anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi, kabla matengenezo hayajaisha, na unarudishiwa kodi ya siku ambazo umeshahama pamoja na dipoziti yako kadiri inavyostahili. Ya maandishi, jamani. Sio kumwambia yule dada wa ofisini ambaye kesho hayupo. Kama sehemu tu ndiyo imeharibika, chumba kimoja mathalani, hapo kodi haipungui yenyewe, ni mpaka mkubaliane kwa maandishi au uende mahakamani, kwa hiyo omba mapema na weka imeili. Dipoziti wana siku 30 tangu uhame, lakini lazima uwe umewaachia kwa maandishi anwani mpya, wengi wanaipoteza hapo. Na kama wameshakuletea notisi ya kukutoa, piga Lone Star Legal Aid, ni mawakili wa bure kwa wenye kipato kidogo, usisubiri siku ya kesi, na siku ya kesi ikifika nenda, hata kama unaumwa nenda, asiyefika ameshindwa.

Pa kukaa kwa muda, FEMA ikiruhusu wanalipa hoteli moja kwa moja, hoteli zilizo kwenye orodha yao, wewe unalipa vikorokoro tu kama simu na chakula. Tatizo hoteli za karibu zinajaa siku ya kwanza, unapata ya mbali, shule ya mtoto huku hoteli kule. Kwa shule usihangaike, mtoto aliyepoteza nyumba ana haki ya kubaki shule yake ileile na wilaya inatakiwa imtafutie usafiri, muulize mshauri wa shule habari ya McKinney-Vento, hiyo ndiyo sheria yenyewe, ukiitaja wanaamka. Hela ya kodi ya FEMA ikija itumie kwa kodi tu na tunza risiti miaka mitatu, maana ukitaka waongeze miezi watakuomba mkataba mpya na risiti, na aliyenunulia TV hela ile hapati ya pili. Nilimuona mtu, TV kubwa ukutani, kodi hana.

Unapotafuta apatimenti mpya utakuta kila mtu anatafuta, bei imepanda, na kila unapoomba wanakula hela ya maombi hata wakikukataa. Uliza kwanza vigezo vyao vya kipato na krediti kabla hujalipa. Nenda ghorofa ya pili kama miguu ya wazee wako inaruhusu. Na tangu Januari 2022 mwenye nyumba Texas anatakiwa akupe fomu inayosema kama nyumba iko kwenye eneo la mafuriko la miaka mia (yaani lenye uwezekano wa asilimia moja kufurika kila mwaka) na kama iliingia maji miaka mitano iliyopita. Omba hiyo fomu, isome, mtu akikuambia haipo mwambie ipo. Ungejua ni apatimenti ngapi zilipakwa rangi nyeupe tu juu ya ukuta uliolowa zikapangishwa Krismasi.

Kazi nayo. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani, nalipwa kwa saa, wazee wangu wakahamishwa na watoto wao Dallas na San Antonio, saa zangu zikaisha bila mtu kunifukuza. Mume wangu alikuwa anaendesha Uber na gari likazama. Wote wawili tulidhani hatuna cha kudai, yeye kwa sababu kajiajiri, mimi kwa sababu sijaachishwa. Kumbe kuna kitu kinaitwa DUA, posho ya kukosa kazi kwa ajili ya maafa, inapitia Texas Workforce Commission, ofisi ya kazi ya jimbo, na hiyo inamhusu hasa mtu ambaye posho ya kawaida inamkataa, dereva, msusi, mama ntilie, mwenye kijiduka, fundi. Inaweza kwenda mpaka wiki 26 tangu maafa yatangazwe. Unaomba kwanza ile ya kawaida, wakikukatalia (tena barua ya hapana!) ndipo wanakuangalia kwa DUA, na unapewa siku 21 kuleta ushahidi wa kipato, ritani ya kodi, fomu ya 1099, taarifa ya benki. Dirisha la kuomba ni fupi, likifunguliwa ingia. Lazima uwe na kibali cha kufanya kazi, na kila wiki mbili unarudi kusema bado unatafuta kazi, ukisahau wanakata.

Kazi zenyewe zilikuwepo baada ya Harvey, tena nyingi, kubomoa kuta, kubeba makapeti, kusafisha. Serikali ilitoa pesa za kuajiri watu kwa muda kusafisha mji, ulizeni kwenye ofisi za Workforce Solutions, zile ni kazi zenye mkataba na malipo yanayoeleweka. Zile nyingine za kuokotwa maegeshoni na pikapu asubuhi, angalia. Andika jina la aliyekuchukua, piga picha namba ya gari na anwani ya nyumba mnayosafisha, andika saa zako kila jioni. Vijana wetu kadhaa walifanya wiki nzima kwenye ukungu na barakoa ya kitambaa, siku ya malipo simu ya bosi haipatikani. Kuna dai la mshahara unaweza kupeleka Texas Workforce Commission ndani ya siku 180 tangu siku uliyotakiwa kulipwa, ni bure, na zile namba za gari ndizo zinazosaidia. Barakoa iwe N95. Hiyo sio ya kujadili, kifua ni kimoja.

Chakula: aliyekuwa na fudi stempu na umeme ukakatika chakula kikaoza, kama baada ya Beryl ambapo zaidi ya wateja milioni mbili walikaa gizani kwenye joto la Julai, anaomba kurudishiwa thamani ya chakula kilichoharibika kupitia namba ya simu 211. Asiyekuwa na stempu kabisa, kwenye maafa makubwa hufunguliwa stempu za dharura kwa siku chache, Harvey zilifunguliwa, foleni ndefu kama ya mafuta. Ila mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi ajue sheria iliyosainiwa Julai 2025 imemtoa kwenye stempu za kawaida, kwa hiyo msiendelee kumwambia mtu mpya "nenda tu utapata", mpelekeni Houston Food Bank na makanisani ambako hawaulizi. YMCA International Services, Interfaith Ministries na Alliance wanasaidia wakimbizi karatasi na kazi, BakerRipley wako Gulfton pale, na 211 ndiyo namba ya kuuliza chochote usichojua kiko wapi, nao wana wakalimani.

Waliopigwa mara mbili, kwa mfano 2024 ile dhoruba ya upepo ya tarehe 16 Mei halafu Beryl tarehe 8 Julai, ni maombi mawili tofauti, namba mbili tofauti. Wengi waliomba moja wakadhani imetosha.

Na gari, maana Houston bila gari hata hiyo kazi hufiki. Bima ndogo ya lazima hailipi gari lililozama, ni ile kubwa tu inayobeba mafuriko. FEMA wanaweza kusaidia gari lakini watataka hati ya umiliki kwa jina lako, ushahidi kwamba lilikuwa na bima ya lazima na usajili hai, na makadirio ya fundi. Gari lililo kwa jina la shemeji usilihangaikie, aombe shemeji. Na ukinunua lingine miezi ya baada ya kimbunga, nunua ukiwa na fundi wako, mwambie ainue kapeti aguse chini kama pana tope, anuse, aangalie kutu kwenye skrubu za viti, ang'oe tairi la akiba atazame shimo lake. Magari ya Harvey yalisafishwa yakapulizwa pafyumu yakauzwa majimbo mengine na mengine yakarudi hapa hapa, binamu yangu alilipata moja, taa za dashibodi zinawaka zote kama harusi. Anaendesha basi la Metro mpaka leo, yaani anapanda.